Utaitwa

Dada mmoja wa Usa River, Arusha, alisifika kwa wepesi wa mikono katika banda la kupangia waridi. Msimu wa Februari, Ulaya inapodai maua usiku na mchana, mashine ya kukatia vikonyo ikamkata vidole viwili. Alipotoka hospitali, supavaiza alimpokea kwa upole. "Nenda kapumzike, dada'ngu. Kazi nyepesi ikipatikana, utaitwa."

Upole ule ndio uliomponza. Angetimuliwa kwa matusi, angekwenda kushitaki siku hiyohiyo. Yeye alishukuru, akaondoka bila hata kipande cha karatasi. Mshahara ulipokatika, akadhani ndiyo desturi ya mapumziko.

Na kazi nyepesi ilikuwepo! Kupima urefu wa mashina, kubandika lebo, kuhesabu ndoo. Kanuni za kazi za 2007 zinamtaka mwajiri atazame kwanza kama kazi inaweza kurekebishwa, au kama ipo nyingine mtu anayoimudu, kabla ya kumwachisha kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 nayo inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Shamba lile lilikuwa na mamia. Huyu wangemhesabu humo bila kuajiri mtu mpya.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulipomlipa, majirani wakamwambia yamekwisha. Hapo wengi huchanganya: fidia ni ya jeraha, haifuti ajira.

Baada ya miezi minne alirudi getini kuulizia. Ofisini wakafungua faili: amefukuzwa kwa utoro, barua ikiwa na tarehe ya wiki ya tatu tangu aambiwe apumzike.

Lalamiko la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda, na hutakiwa kueleza kila siku iliyompita. Supavaiza alikwishahamia shamba jingine. Ujumbe mmoja tu wa simu, "Bosi, nipo nyumbani kama ulivyoniambia", leo ungemsemea. Hakuwahi kuutuma, aliona ni kumsumbua mtu mwema.

Msuluhishi akamwuliza, siku ya thelathini na moja alikuwa wapi.

"Nyumbani, mheshimiwa. Nasubiri kuitwa."