Moto wa Samadi, na Mzigo wa Mwenzako

Katika vihamba vya Kilimanjaro ng'ombe hufungwa zizini, nao huletewa majani humo. Kwa hiyo samadi yao haitawanyiki malishoni, bali hukusanyika karibu na nyumba. Tangu mwaka 1975, shirika la serikali liitwalo SIDO lilipoanza kazi hii, na baadaye CAMARTEC ya Arusha, watu wa Tanzania wamefundishwa kuipata gesi ya kupikia katika samadi hiyo. Ndoo moja ya samadi huchanganywa na ndoo moja ya maji, ikamiminwa katika shimo lililojengwa na kufunikwa. Humo huoza pasipo hewa; gesi hupanda na kupita bombani mpaka jikoni, na tope lisaliyo ni mbolea njema ya migomba.

Wako wasemao, Chakula kilichopikwa kwa kinyesi ni najisi. Hao na wasome Ezekieli 4:15, waone ya kuwa Mungu mwenyewe alimruhusu nabii wake kuoka mkate kwa samadi ya ng'ombe. Unajisi haumo shimoni. Lakini liko swali lililo zito zaidi: shimo hili latuondolea mzigo nani?

Twajua taabu ya mama zetu. Huenda mbali kutafuta kuni, hurudi na mzigo kichwani, kisha huketi katika moshi hata macho yawe mekundu. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa moshi wa nyumbani uliwaua watu wapata milioni 3.2 katika mwaka 2020. Basi mume ajengaye shimo hili afanya jambo jema.

Walakini tumtazame asubuhi. Ni nani azoaye samadi? Ni nani achotaye maji mtoni? Ikiwa ni mke yule yule, naye mume ameketi akingoja chai, basi mzigo haukuondolewa. Umetolewa kichwani ukatiwa mkononi. Mume atajibu, Mimi nimelipa saruji na fundi; je, haitoshi? Ni kweli, amelipa. Lakini saruji hulipwa mara moja, na ndoo huchukuliwa kila siku. Mtume atuagiza kuchukuliana mizigo (Wagalatia 6:2), wala hakusema ya kuwa fedha yaweza kuichukua badala yetu.

Tena yuko jirani mjane asiye na ng'ombe hata mmoja. Yeye hatapata gesi. Basi mwenye shimo, asiyehitaji tena matawi makavu ya kihamba chake, na ampe huyo, asimwache aende mbali.

Kwa hiyo, ninyi walimu wa dini, mkizitembelea nyumba na kuonyeshwa ule mwali wa buluu, msiusifu upesi. Ulizeni kwanza ni nani aliyechukua ndoo asubuhi ile.