Muhogo Haujui Haraka

Mara nyingi twasema: «Tunapoteza wakati.» Je, wakati ni mali yetu hata tuweze kuupoteza? Tuutazame muhogo, maana wengi wetu twaula kila siku bila kuufikiri.

Mama atokaye shambani na mihogo michungu huimenya na kuiloweka majini siku tatu. Siku hizo haitendei neno lolote. Kazi inafanyika ndani ya maji: mihogo yalainika, na ile sumu iliyofichwa ndani yake, ambayo wenye elimu huiita sayanidi, yajitenga na kutoka. Ndipo mama huanika, hutwanga, na kupata unga wa bukari. Mgeni angesema amekaa bure siku tatu. Sisi twasema: amemaliza sehemu yake, sasa anaiacha mihogo ifanye yake. Huo si uvivu. Mvivu haendi hata shambani. Na mgonjwa akataaye kwenda kwa daktari, akisema angoja saa ya Mungu, asijilinganishe na mama huyu, kwa maana sehemu yake hajaifanya.

Kwetu mashariki jambo hili laonekana dogo. Lakini ndugu zetu wa Kwango, magharibi mwa Kongo, wamelijua kwa machozi. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa huko uitwao konzo. Ni neno la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu mwenye afya ghafula hukazana miguu, naye hatapona kabisa mpaka kufa kwake. Hupatwa hasa wanawake na watoto. Miaka mingi ilipita kabla ya kujulikana kwamba konzo yaja kwa kula mihogo michungu isiyolowekwa vema, wiki baada ya wiki, bila maharagwe, samaki wala nyama za kutosha kuusaidia mwili kuishinda sumu.

Sasa twauliza: kwa nini haikulowekwa vema? Je, mama wa Kwango hawakujua? Walijua, tangu bibi zao. Lakini barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipofika katika jimbo la Bandundu, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire, mihogo iligeuka kuwa franga, na kamyo halingoji mtu. Wachunguzi walioandika mwaka 1992 walikuta siku tatu zimekuwa moja. Na huko Nampula, katika Msumbiji, mwaka 1981, hakukuwa na haraka ya biashara. Kulikuwa na ukame. Chakula kingine kilikauka, mihogo michungu ikabaki, na njaa haikuwapa watu nafasi ya kuitengeneza kwa desturi. Zaidi ya watu 1.000 walipooza miguu.

Basi hapa twaona shida na mahubiri yetu mengi juu ya saburi. «Haraka haraka haina baraka,» twasema, na ni kweli. Lakini ni rahisi kwa mwenye ghala kulisema. Mwenye watoto wanaolia jioni hii hawezi kungoja mpaka kesho kutwa. Kungoja ni mali, kama mbuzi au nguo, na wengine hawanayo. Nani ataweza kuwaachia maji na jua kazi yao, ikiwa tumbo linamsukuma? Jirani akimkopesha bakuli la unga kwa siku hizo tatu, hapo ndipo ataweza. Kabla ya kumwambia mwenzetu «Acha mambo yaje kwa wakati wake,» yafaa tutazame kama tumempa cha kula wakati huo ukija polepole.

Wako pia waliotafuta njia ya kufupisha kungoja bila kudhuru. Howard Bradbury, mtu wa elimu wa Australia, hakushindana na muhogo. Alichunguza kwanza jinsi sumu inavyotoka. Akaonyesha kwamba unga ukitiwa maji kidogo na kutandazwa mwembamba, sumu iliyosalia hupotea hewani. Tangu mwaka 2010 mama wa vijiji vya Kwango walifundishwa njia hiyo. Hutandaza unga mbichi juu ya mkeka, wakauacha saa mbili juani, au saa tano kivulini, ndipo huweka sufuria motoni.