Maombi Asiyoyaomba

Katika filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu, Kena anapelekwa kanisani na mama yake baada ya mapenzi yake na msichana mwenzake, Ziki, kufichuka. Waumini wanamzunguka na kumwombea, wakikemea pepo. Yeye mwenyewe hakuomba lolote.

Je, hayo ni maombi? Mama anampenda mwanawe. Hilo filamu hailikani. Mumewe amemwacha akaoa tena, na kanisa ndilo lililobaki kuwa jamaa yake. Mpweke anamshika mpweke mwenziwe kwa nguvu, akiamini anamwokoa. Lakini Injili ya Marko inasimulia kwamba Yesu alimuuliza kipofu Bartimayo anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulionekana wazi. Kena haulizwi. Pale swali linapokosekana, mkono wa baraka unageuka mkono wa kukamata, hata nia ikiwa njema kiasi gani.

Filamu yenyewe nayo haikuachwa: Aprili 2018 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Rafiki. Kahiu ameeleza kuwa alitakiwa abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno, naye akakataa. Yaani kosa lilikuwa tumaini! Kwa dini zinazohubiri tumaini kila wiki, jambo hilo lingepaswa kuumiza.

Mwezi uliofuata marufuku hiyo, Rafiki ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes. Septemba, Mahakama Kuu iliondoa marufuku kwa siku 7, na Wakenya wakajaza kumbi za sinema Nairobi kuitazama wenyewe.