Ziwa Nalo Lina Aya Zake



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, kila msimu wa mitihani hutokea mtu akaniambia: "Kaka, nasoma mpaka kichwa kinauma, nasali, lakini moyo hautulii." Zamani nilikuwa na jibu la haraka: nenda ziwani, ukae, upumzike. Naishi Kibenga kwa baba mdogo, karibu kabisa na Ziwa Tanganyika, na kwangu dawa hiyo ilikuwa ikifaa. Baada ya Alfajiri nilichukua kitabu nikakaa ufukweni, milima ya Kongo upande wa Uvira ikianza kuonekana, wavuvi wa ndagala wakirudi na taa zao. Nilirudi nyumbani nimetulia.

Kisha ziwa likaingia nyumbani.

Ilikuwa mwaka 2024, mvua zilipozidi. Tulitoa magodoro na masufuria, tukahamia kwa shangazi Buyenzi. Vitabu vyangu vilikuwa kwenye katoni chini ya kitanda, na nilipovikumbuka vilikwisha kulowa. Kimoja kilikuwa cha marehemu babu: Qurani Takatifu, tarjuma ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyotoka mwaka 1969, yenye maandishi ya babu ya penseli pembeni mwa kurasa. Nasema kweli, kwa miezi mingi sikutaka hata kuliona ziwa. Nilijiuliza: ule ulikuwa utulivu gani, ikiwa kilichonipa ndicho kilichokuja kuninyang'anya?

Nilianza kupata jibu nikiwa kwa shangazi, nakausha msahafu ule kivulini, ukurasa kwa ukurasa. Nilifika Aal Imran, aya ya 190 na 191. Hapo Allah anawasifu wenye akili, wale wanaomkumbuka katika kila hali ya miili yao huku wakitafakari uumbaji Wake. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi. Siku ile nikaona kwamba sifa yao ni kutafakari, wala haikutajwa burudani. Na tunajua neno aya lina maana mbili: aya ya Kitabu, na ishara iliyomo katika viumbe. Sasa, nani kati yetu hufungua msahafu akasoma aya za Pepo tu, kisha akafunga? Lakini ziwa nilikuwa nikilisoma hivyo hivyo. Nilichagua mapambazuko, mengine nikayaruka.

Nikatafuta vitabu vinavyolieleza. Kumbe kina chake kinafikia karibu mita 1,470, na duniani ni Baikal peke yake linalolizidi. Maji yanaingia kwa mito mingi kutoka nchi kadhaa, lakini mto unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mengine hupanda angani kwa jua. Mvua zikifuatana, ziwa halina budi kupanda, na miaka ya 1960 lilipanda vilevile. Sheria ya maji ya nchi yetu inataka mita 150 kutoka ziwani ziachwe bila kujengwa. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya hizo mita. Baba mdogo alinunua kiwanja kwa nia safi, wala simlaumu. Lakini hasira yangu kwa ziwa iliishia hapo. Katika Ar-Rum, aya ya 41, tumeambiwa kuhusu uharibifu unaodhihiri nchi kavu na baharini kwa yale waliyochuma watu kwa mikono yao. Nilikuwa nikidhani ni watu wa mbali.

Hata wale wavuvi nilikuwa nawatazama bila kuwaelewa. Mwezi ukiwa mpevu hawavui, kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi na ndagala hawakusanyiki. Wanahesabu siku za mwezi kama tunavyouhesabu kwa ajili ya Ramadhani.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akijitenga katika pango la Hira, mlimani nje ya Makka, na ni huko huko alikoamrishwa kusoma. Mlima na kusoma vilikutana mahali pamoja. Kwa hiyo dada zangu na kaka zangu, anayeniuliza siku hizi namwambia aende ziwani na kitabu, na vyote viwili avisome. Simu aiache chumbani. Najua mnasoma Qur'ani kwenye simu, hata mimi nasoma, lakini WhatsApp haina adabu ya kusubiri umalize ukurasa. Na asubiri kupambazuke vizuri, maana usiku viboko hutoka majini kula majani.

Maji yaliposhuka nilirudi Kibenga. Nakaa mbali kidogo na pale pa zamani, kwa sababu pale hapapo tena. Msahafu wa babu umebaki na doa la maji kuanzia Al-Baqara mpaka An-Nisaa, na karatasi zimekunjamana, lakini penseli yake bado inasomeka.

Wabillahi tawfiq.