Je, Kalamu ni ya Baba na Ufagio ni wa Mama?



Kazi za motisha katika makazi yetu ni chache, na kabla hazijabandikwa ukutani watu wanajua zitakavyogawanywa. Ukalimani, hesabu na ghala ni kwa akina baba. Kufagia zahanati na kupika uji ni kwa akina mama. Dada aliyemaliza sekondari akiomba kazi ya kalamu, anaulizwa kwanza kama ameolewa na mume wake anasemaje. Kaka haulizwi hivyo. Je, hiyo ni haki, au ni mazoea tuliyoyapa jina la mila?

Mila hiyo haikumzuia mama kufyatua matofali, kuezeka nyumba yake na kulima shamba la mtu kwa kibarua tangu tulipovuka mpaka. Inaamka tu pale penye meza, kiti na malipo. Hata kwetu Kongo, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa mkataba. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016, na sijasikia kwamba jua lilikataa kuchomoza.

Kuna hoja nyingine ninayoiheshimu zaidi. Baba aliyekuwa mwalimu au fundi kule nyumbani, leo anakaa chini ya mti akingojea mgao, na moyo wake unaumia. Watu husema kazi ikipatikana apewe yeye, heshima yake irudi. Maumivu hayo ni ya kweli, tusiyacheke. Lakini hatuwezi kumponya mtu kwa kumnyang'anya jirani yake. Tena nyumba nyingi hapa zina mama peke yake, na watoto wake nao wanakula.

Lililo zito zaidi husemwa kwa kunong'ona: msimamizi anayemtaka dada kimwili ndipo jina lake liingie kwenye orodha. Mwaka 2002 ripoti ya UNHCR na Save the Children ilionyesha mambo ya namna hiyo kati ya watoa misaada na wasichana wakimbizi huko Guinea, Liberia na Sierra Leone. Mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa kanuni inayowakataza watumishi wake kutoa fedha, kazi au msaada kwa kubadilishana na ngono. Msimamizi hawezi kujitetea kwamba dada alikubali. Mtu mwenye njaa akisimama mbele ya mwenye orodha, "ndiyo" yake ni ya njaa.

Halafu tunamwuliza, "Mbona hukusema mapema?" Swali hilo linamtwika mzigo yule mwenye nguvu kidogo kuliko wote. Wakumbukeni binti za Selofehadi katika Hesabu 27. Nao walikuwa watu wa hema, njiani, bila nchi. Walisimama mbele ya Musa, kuhani na wakuu, wakadai urithi wa baba yao. Walikuwa watano, si mmoja. Musa hakuwafokea, alilipeleka shauri lao kwa Mungu, nao wakapewa haki. (Katika Hesabu 36 wakuu wa ukoo walirudi na kulalamika juu ya ndoa zao. Mambo haya hayamalizwi kwa siku moja.)

Kwa hiyo dada asiende peke yake. Aende na wenzake wawili watatu, wakiwa wameandika tarehe na maneno yaliyosemwa. Na baba aliye kwenye kamati asingoje kuombwa: aulize mbona mama aliyechaguliwa mjumbe ndiye anayetumwa kuleta chai wakati wa kupiga kura.

Katika ofisi moja ninayoijua, sanduku la malalamiko limetundikwa kando ya dirisha la msimamizi mwenyewe, naye anaona kila anayetia karatasi. Kulihamisha kunahitaji misumari miwili tu.