Je, Ipo Rangi Iliyo Dhambi?



Katika miezi hii baada ya Krismasi, jua likiwa kali na kuta zikiwa kavu, watu wengi hupaka rangi nyumba zao. Wengine hupaka kwa sababu wanahamia, na wengine kwa sababu wanahama. Hao wa pili ndio tunaotaka kuzungumza nao, kwa kuwa watu kadhaa wa mtaa wetu wametuuliza swali moja kwa namna mbalimbali: mtu anayetaka kuuza nyumba yake, yafaa aipambe kwa kiasi gani kabla ya mnunuzi kuja kuitazama?

Tusianze kwa ukali. Kufagia ua, kuosha madirisha, kufyeka majani, kubadili kioo kilichovunjika, kutia mafuta bawaba za mlango unaolia, kupiga chokaa ukuta uliochafuliwa na mikono ya watoto, yote hayo ni heshima tu. Mgeni akija hatumkaribishi katikati ya vyombo vichafu, wala hatujasikia mtu akilalamika kwamba alidanganywa kwa sababu alikuta pamefagiliwa. Tena kazi hizo zamsaidia mnunuzi kuiona nyumba yenyewe badala ya uchafu wetu. Mama auzaye machungwa sokoni huyafuta vumbi na kuyapanga mafungu, naye hakosi neno. Hukosa akiyaficha yaliyooza chini ya fungu.

Basi shida ya nyumba ni kwamba fungu lake halipinduliki. Sisi tunaokaa karibu na bahari twazijua kuta zetu. Nyumba nyingi za zamani hapa pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi za baadaye kwa matofali ya mchanga wenye chumvi. Maji hupanda kutoka ardhini ndani ya ukuta, yakiibeba ile chumvi. Yafikapo usoni mwa lipu hukauka, chumvi hubaki, na lipu huvimba na kupukutika kama unga. Chokaa huuacha ukuta upumue, lakini rangi ya mafuta huyafungia maji ndani. Ukuta wa namna hiyo ukikwanguliwa na kupakwa rangi ya mafuta mwezi wa Januari, utang'aa mpaka Machi. Masika yakija, mwenyewe akiwa amekwisha kuhama, ule uzuri huanza kubanduka kuanzia chini. Fundi rangi ye yote ajua hayo. Muuzaji naye ajua, maana amelala katika chumba hicho miaka mingi. Asiyejua ni mmoja tu, naye ndiye anayetoa fedha.

Kwa hiyo debe lile lile la rangi, likipakwa na fundi yule yule siku ile ile, laweza kuwa usafi sebuleni na uongo chumba cha nyuma. Ndiyo sababu hatuwezi kuwapa orodha ya matengenezo yaliyo halali na yaliyo haramu, ingawa wengine wenu mliitaka. Twaweza kuwapa swali la kujiuliza mkiwa na brashi mkononi: kama mnunuzi angeliona doa hili, angeliuliza nini? Na je, ninalipaka ili asiulize? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Angalieni neno walilolichagua. Hawakusema kuupaka ufa rangi. Ufa mwembamba wa lipu, ule ambao ukucha hauingii, ujazwe na upakwe, hakuna aliyedhulumiwa. Ufa uliopasua ukuta toka msingi hata dirishani ni habari nyingine kabisa, na nabii Ezekieli, katika mlango wa 13, alipotaka kuwaeleza watu manabii wa uongo, hakupata mfano mkali zaidi ya watu wanaokipaka chokaa kiambaza dhaifu.

Iko sura nyingine ambayo hatuisomi mara nyingi, nayo ni Mambo ya Walawi, mlango wa 14. Humo mtu aonaye madoa katika kuta za nyumba yake huagizwa kwenda kumwambia kuhani. Ndiye mwenye nyumba anayekwenda, hangoji kugunduliwa. Vyombo hutolewa nje, kuhani hutazama, nyumba hufungwa siku saba. Madoa yakiwa yameenea, mawe mabovu hutolewa, ukuta hukwanguliwa pande zote, mawe mengine hutiwa, kisha ndipo lipu mpya hupakwa. Hata hapo bado, kwa maana madoa yakirudi, nyumba hubomolewa. Hatusemi kwamba sheria hiyo yatufunga tunapouza nyumba. Lakini yatupendeza kuona kwamba lipu mpya haikukatazwa, bali imeamriwa, ila huja baada ya mawe, nayo huangaliwa tena.

Wapo wanaojibu kwamba mnunuzi ana macho, na kama hayatoshi alete fundi wake. Hoja hii ni ya kale sana. Cicero, yule Mrumi, aliiandika mwaka 44 K.K. katika kitabu juu ya wajibu alichomwandikia mwanawe. Alitaja nyumba yenye mbao zilizooza ambayo mwenyewe tu aijua ilivyo, akawaonyesha wanafalsafa wawili wakibishana: Diogenes wa Babeli akisema kwamba kunyamaza si sawa na kuficha, na Antipater wa Tarso akisema kumwacha mnunuzi akimbilie hasara ni vibaya kuliko kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea. Cicero mwenyewe aliona kwamba muuzaji yampasa aseme. Katika kitabu hicho yamo pia masimulizi ya mtu mmoja wa Rumi aliyeagizwa na wakuu wa dini abomoe sehemu ya nyumba yake, iliyowazuia kutazama ndege angani. Yeye akaiweka nyumba sokoni, akauza, akanyamaza. Mnunuzi akapewa agizo lile lile, akabomoa, kisha akaujua ukweli. Hakimu, naye alikuwa Marcus Cato, akaamua kwamba kwa kuwa muuzaji alijua na hakusema, alipe hasara.

Mtaona jambo hili liko mbali. Haliko mbali. Ninyi nyote mmeiona ile alama ya X nyekundu inayochorwa ukutani mwa nyumba iliyomo katika hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya barabara ya Morogoro, toka Kimara kwenda Kiluvya, zilibomolewa. Alama hiyo yaweza kufutwa kwa brashi moja na rangi kidogo, wala kazi yenyewe haimalizi asubuhi. Nani atasema kwamba hayo ni marembo tu, na kwamba mnunuzi ana macho? Macho ndiyo yaliyolengwa na ile brashi.

Hata hivyo haki haimtaki muuzaji ajiharibie. Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, aliulizwa kama mtu azitangaze kasoro za mali yake kwa mpiga mbiu. Akajibu kwamba haimpasi, kwa kuwa watu wangeikimbia kabla ya kuona mema yake. Lakini yule mmoja mmoja ajaye kununua aambiwe, ili apime mabaya pamoja na mazuri. Na kasoro iliyo wazi kwa kila mtu, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima kuitaja, maadamu bei imepunguzwa. Twaona huo ni uamuzi wa mtu aliyewajua wafanya biashara. Basi usiandike kwenye kibao cha lango kwamba choo chako hufurika, lakini yule aliyeingia akakaa kwenye kiti chako, mwambie.

Neno gumu zaidi tulilolisikia halikutoka kwa mjanja. Mjane mmoja wa mtaa wetu alitaka kuuza nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, ili binti yake atibiwe. Kenchi nne za paa zilikuwa zimeliwa na mchwa. Watoto wake wa kiume wakashauri wapige dari mpya chini yake, jeupe na la kupendeza, maana hakuna mnunuzi apandaye juu. Waliotaka kununua walikuwa vijana waliooana karibuni, kwa fedha za mkopo. Mama huyu akatuambia, "Wazee wangu, mwanangu ni mgonjwa leo. Wale ni vijana, wana miaka ya kutengeneza paa." Hili si neno la kupuuza, na mtu ambaye hajauguza mtoto asilijibu upesi.

Tulimjibu kwamba vijana wale wangeweza kumsaidia, lakini lazima waombwe. Dari lile lingewatoza mchango wa matibabu bila kuwauliza, kisha lingewalaza chini ya paa lisilo na nguvu, wakidhani wako salama. Mama akafikiri siku mbili, akawaambia. Wale vijana wakashukuru, wakaenda zao. Nyumba ilikaa miezi mitatu, na aliyeinunua alipunguza bei kupita gharama ya mbao. Wazee wa kanisa na Umoja wa Akina Mama walichangia sehemu ya pengo, si yote. Hatutaki mtu adhani kwamba kusema kweli kulimletea mama huyu faida, maana kulimgharimu.

Kwa wale wenye fedha kidogo za matengenezo, shauri letu ni hili: mfereji wa paa kwanza, rangi baadaye. Mfereji uliozibwa vizuri wakinga ukuta hata kama hauonekani na wageni. Na dalali asisahauliwe. Wengi hujisifu kwamba wao hawakusema uongo, ni dalali aliyesema. Lakini dalali amekodiwa na nani? Wanunuzi nao wasicheke. Wapo wanaoingia nyumba nzima ya kupendeza wakiguna na kutikisa vichwa, wakigonga kuta ili kumtisha mwenyewe ashushe bei. Hao nao wanapaka, ila wao wanapaka masizi.

Limebaki swali la ndugu mmoja aliyetuandikia bila kutaja jina. Aliuza nyumba mwaka juzi. Shimo la choo cha zamani lilikuwa limefunikwa kwa mbao na udongo, akapanda maua juu yake, akanyamaza. Auliza kama ni lazima kusema sasa, hali fedha zimekwisha kutumika. Ndiyo, ndugu, ni lazima. Nenda wiki hii, kabla ya mvua kuulainisha udongo, uwaonyeshe mahali penyewe. Habari ya fedha mtaizungumza baadaye, na ukitaka mtu wa kukusindikiza tupo.