Nani Analipa Fimbo Inapoinuliwa

Siku ya soko, mvua ilipokatika, kijana mmoja alinifuata nyumbani Himo akiwa ameficha daftari ndani ya shati lisilowe. "Shikamoo mwalimu. Nimeandika kitabu."

Kilikuwa cha falme na majoka yanayotema moto, ngome za mawe, misonobari iliyofunikwa na theluji, na mchawi mwenye jina nisiloweza kulitamka. Nikasoma kurasa ishirini yeye akinywa chai. Aliandika vizuri. Nikamuuliza theluji ile ameiona wapi. "Kwenye sinema," akasema. Nyuma yake mawingu yalikuwa yamefunguka, Kibo anang'aa.

Simlaumu kwa theluji. Mwaka 1848 Johannes Rebmann aliandika kwamba ameiona hapa, karibu na ikweta, na kule Ulaya wakatokea wasomi wa kumbishia. Kilichonikera ni yule mchawi. Kila shujaa akibanwa, mchawi ananyoosha fimbo, shida imekwisha. Mto unakauka ili shujaa avuke. Maiti anafufuka. Jeshi zima linalala usingizi. Nikamwambia hilo. Akanijibu kwa heshima, lakini bila kuyumba: "Mwalimu, si hadithi ya kubuni? Nimemdhulumu nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mimi mwenyewe niliwahi kumdhulumu mtu kwa hadithi.

Bibi yangu alitusimulia habari za Kibo na Mawenzi, kama zinavyosimuliwa Uchaggani. Moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kuomba kaa kwa jirani yake Kibo. Akapewa. Ukazimika tena, akarudi, akapewa. Alipokuja mara nyingine Kibo akashika mchi akamtwanga, ndiyo maana hadi leo kichwa cha Mawenzi kimechongoka vile. Nikiwa sekondari niliiandika upya. Nikamfanya Kibo ajute, achume jani la isale, alipeleke kwa Mawenzi. Na kwetu anayeletewa isale hana budi kusamehe. Wakakumbatiana, mwisho. Nikamsomea bibi nikingoja sifa. Alinyamaza, kisha akasema, "Umeshawapatanisha mara hii?" Akainuka kwenda kumkatia ng'ombe majani.

Miaka mingi baadaye mama ndiye aliyenieleza. Bibi na dada yake waligombania mpaka wa kihamba, maneno yakafika pabaya, na siku moja dada akaja na isale. Bibi akalipokea, kwa kuwa halikataliwi. Mpaka ukabaki pale uliposogezwa. Akaishi na msamaha ule kama mtu anayetembea na mwiba mguuni, anasalimia, anacheka msibani na harusini, na mimi nikaja na kidaftari changu nikauponya kwa mistari miwili.

Sikuandika uongo kwa kusema milima inazungumza. Bibi alijua inazungumza, yeye ndiye aliyenifundisha. Uongo ulikuwa kuondoa gharama ambayo msikilizaji wangu alikuwa bado anailipa. Shaaban Robert, katika Kusadikika (1951), alijipa nchi nzima inayoelea angani. Angeweza kufanya lolote humo. Lakini wajumbe wake wanaotoka kwenda kuitafutia nchi yao mema wanarudi kutupwa gerezani. Nchi inaelea, ila gereza lina kuta.

Kwa hiyo wewe unayeandika usiku kwa tochi ya simu, usingoje ruhusa ya mtu. Majoka chukua, na misonobari ukiitaka. Sipendi wale wanaowaambia vijana wa huku waandike migomba tu, kana kwamba ndoto nazo zina mpaka wa Holili. Hadithi za wazee nazo chukua, uzigeuze. Ila fimbo ikiinuliwa, fuata mkono wa pili: nani kapungukiwa pale shujaa alipoongezewa? Ukimwona mtu huyo, usimpite. Mara nyingi yeye ndiye hadithi, na shujaa wako alikuwa anapita tu njiani.

Nilimweleza kijana haya kwa maneno machache kuliko hapa, maana giza lilikuwa linaingia na alikuwa na safari. Sikujua kama ameudhika.

Alirudi baada ya wiki tatu. Mto bado ulikuwa unakauka ili shujaa avuke. Lakini sura iliyofuata ilikuwa ya mama mmoja wa huku chini, amesimama na ndoo kwenye mfongo mkavu, anawauliza wapita njia maji yameenda wapi. Misonobari ilikuwepo bado.